Daftari la Sudi Litashuka Kibombo

Asha mwanangu,

Hali yako siulizi, naisikia kupitia ukuta: unabishana na shangazi yako juu ya kamba ya kufungia sanduku, na shangazi anashinda. Hali yangu si njema. Nina hasira. Nimekaa humu chumbani na kalamu tangu baada ya alasiri, na ukiona mwandiko umekwenda kombo usidhani ni machozi ya mama anayeachwa na binti yake. Hayo nitayatoa kesho pale stesheni, mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Leo ni hasira tu, na sehemu yake kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutokununua nyama ya njiani, ya kulala umekumbatia mkoba, shangazi yako ameyasema mara tatu na atayasema ya nne alfajiri. Mimi siyarudii. Unakwenda Lubumbashi kujifunza kuchora plani kwa ordinatere, zile kompyuta, kazi ileile niliyoifanya hapa Kindu, na kuna jambo moja ambalo hakuna mwalimu atakayekufundisha kule. Tena linahusu namna ulivyoipata nafasi yako. Ukilijua utanikasirikia. Nikasirikie, una haki.

Sudi unamkumbuka vizuri, yule mchoraji mwenzangu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuletea penseli za rangi ulipopasi darasa la sita. Mtaa mzima wa Kasuku unasema Sudi alikula rushwa, njo maana alifukuzwa kazi. Hata wewe ulisema siku moja tukiwa kwenye sahani: "Mama, kumbe Sudi ni mtu wa namna ile!" Nami nilikuongezea mboga ya sombe.

Sudi hakula hata ndizi moja ya mtu. Kosa lilikuwa langu, na nitakueleza lote bila kuruka.

Tulipoanza kazi katika biro yetu ya plani, ile ofisi ya kuchora ramani za mji, tulikuwa tukichora kwa kalki, ile karatasi inayopitisha macho. Ramani ya mji inabandikwa mezani, unatandika kalki juu yake, unachora barabara yako au mfereji wako. Ramani ya chini huigusi. Ukiinyanyua kalki, unabaki na barabara inayoelea, haijui inapita wapi. Hilo kila mtu alilielewa, hata mzee aliyekuwa akifagia biro.

Kisha akaja mzungu wa mradi na mashine tatu. Mbili zilikuwa za aina moja, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, hazifanyi kitu mpaka uziandikie amri. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeupe, ina panya wa kusukuma juu ya meza. Kila aina ilikuwa na tabia zake, lakini alizifunga kwa kable moja ili zisomeane. Akazipa na majina, akayabandika juu kwa karatasi: zile nyeusi Pierre na Paul, ile nyeupe Marie. Ramani ya msingi ya mji ikawekwa ndani ya Marie.

Ndani ya mashine mambo ni yaleyale ya kalki, Asha, usitishwe na maneno makubwa watakayokupa. Fishie ya barabara, yaani faili lake, haina nyumba ndani yake. Ina barabara, na ina ujumbe mfupi: nenda kwa Marie, katika sanduku fulani, uchukue ramani ya msingi, uitandike chini yangu. Kila unapoifungua inakwenda kuitafuta upya. Ukibadilisha jina la Marie, inarudi mikono mitupu. Na ukiielekeza kwenye mashine nyingine, ikakuta huko ramani yenye jina lilelile, itaichukua bila kuuliza, kwani jina inalijua, sura haiijui.

Mzungu aliondoka baada ya miezi michache, akatuachia kitabu cha Kifaransa na malaria aliyosahau kuondoka nayo, alivyokuwa akitania Sudi. Aliyezielewa mashine kweli alikuwa Sudi. Aligundua mapema kwamba Marie inakubali majina marefu, yenye nafasi katikati, na kwamba Pierre na Paul hazitaki zaidi ya herufi nane, nafasi hazitaki kabisa. Basi akaweka sheria: majina yote yawe mafupi, yale ambayo mashine zote tatu zinayaweza, hata ukiwa umekaa kwa Marie. Na sheria ya pili aliisema akinyoosha kidole.

"Mama Asha, ramani ya musingi iko moja. Moja tu! Usifanye ya pili."

"Na umeme ukikatika, ikiharibika?"

"Kila Ijumaa naiweka kwa disketi, disketi naifungia kwa kabati. Ile ya kabati haiwezi kudanganya muntu. Ile ya pili ndani ya mashine, ile njo itatuua."

"Sudi, unaichunga hii ramani kuliko unavyomchunga mke wako."

"Mke wangu anajua kujitetea," akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Nilicheka. Nilimwona mwoga. Na juma lile umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi ya siku nne, ikapotea yote. Nikasema mimi siwezi kuishi kwa kungoja Ijumaa ya Sudi. Siku moja alipokwenda kuswali, niliichukua ramani ya msingi nikatia nakala ndani ya Paul, kwa jina lilelile, katika sanduku nililolijua mimi peke yangu. Kwa usalama, nilijiambia. Sikumwambia. Mtu mzima nafanya jambo kwa kujificha kama mwizi wa sukari, halafu naliita usalama!

Ramani ile ilitokana na ramani ya zamani ya kabla ya uhuru. Nyuma ya soko, kando ya kijito, palionyeshwa majani matupu, na wewe umekulia pale, unajua palivyojaa watu. Kwa hiyo baadaye Sudi na mimi tulipewa kazi ya kupima nyumba zilizoongezeka. Tulitembea majuma matatu, yeye anashika mwanzo wa mkanda, mimi mwisho wake. Vipimo vyote vilikwenda kwenye daftari lake la jalada la bluu, na hapo palikuwa na desturi yake nyingine: kila nyumba, mwenye nyumba anatajwa, na wapimaji wawili wanatia sahihi chini. Jua linachoma, kijasho kinanitoka, yeye ananipa kalamu.

"Sudi, nani atakuja kusoma haya?"

"Siku muntu atabisha, atasoma."

Tulipima hata nyumba ya Mama Zaina, mwalimu wako wa chuoni, aliyekufundisha alifu na be kwa fimbo ya mpera. Alitutilia chai ya tangawizi, akalalamika kwamba tumekanyaga mchicha wake. Nilitia sahihi. Sudi akaziingiza nyumba zote kumi na moja katika ramani iliyo kwa Marie. Nakala yangu iliyofichwa ndani ya Paul ikabaki vilevile, na majani yake matupu. Nami nikawa nimeisahau.

Sasa ikaja habari ya ziara. Mkubwa mmoja anatoka Kinshasa, anapita Kindu, atafungua mambo mengi, na moja ni plani ya barabara mpya. Unakumbuka juma lile: kazi zote zimesimama, sisi wanawake wa biro tunafundishwa kucheza na kuimba tangu saa nane mchana, na wanaume wamepelekwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jamhuri, kufyeka majani ya njia atakayopita. Mtu ana miaka arobaini na magoti mabovu, anaambiwa atikise kiuno vizuri zaidi kwa ajili ya taifa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakuta umenichemshia maji ya kukanda miguu.

Siku moja kabla, mtu wa chama alipita kukagua biro. Direkta wetu anamfuata nyuma, abakosi yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Yule mtu akasimama mbele ya mashine. Akasoma zile karatasi tatu.

"Pierre. Paul. Marie," akasema polepole. "Situayen Direkta, hii ni biro ya Zaïre ao ni kanisa la wakoloni?"

Wallahi, direkta alipauka. Miaka yote ile tulikwisha kubadilisha majina yetu, ya barabara, ya mto, ya nchi yenyewe, hata bwana tukamwita situayen, yaani raia, na hizi mashine tatu zimekaa pale na majina ya watakatifu bila mtu kuziona! Yule wa chama hakungoja hata jibu, aliondoka. Direkta akabaki na jasho lake.

"Mubadilishe leo! Sasa hivi! Nisione jina moja la kizungu, nje wala ndani!"

"Situayen Direkta," nikasema, "karatasi tunaweza kubandua. Lakini la ndani, plani zote zinaita Marie. Tungoje Sudi arudi."

"Sudi iko salongo. Weye huna mikono?"

Akaketi mwenyewe mbele ya Marie, akamsukuma panya kama mtu anayefukuza mende, akaandika kwa vidole viwili jina jipya: Umoja na Maendeleo ya Taifa. Refu, lina nafasi, lina kila kitu ambacho Pierre na Paul haziwezi kukisoma. Akanyanyuka ameridhika. Aliniambia anataka plani ya barabara imechapwa, iko mezani kwake, saa kumi.

Niliifungua fishie ya barabara ndani ya Paul, kwani Paul ndiyo iliyofungwa kwenye mashine ya kuchapia. Ikaja barabara tupu, imeelea katikati ya weusi. Chini yake mashine iliandika kwa Kifaransa chake kwamba ramani ya msingi haikuipata. Mashine ilisema kweli. Ilikuwa na adabu kunishinda.

Hapo ndipo ningesimama. Ningetoka kwa miguu mpaka barabara ya uwanja wa ndege, nimwite Sudi katikati ya majani na panga lake. Angempa Marie jina fupi la kiasili ambalo kila mashine inaliweza, angezielekeza plani moja moja kwenye jina hilo, na kazi ingekwisha usiku. Direkta angepiga kelele, lakini kelele haziui. Badala yake nikaikumbuka nakala yangu. Nikaielekeza barabara kwake, na ramani ikatandikwa chini, safi kabisa, jina sawa, mipaka sawa. Na nyuma ya soko palikuwa peupe.

Niliona, Asha. Usije ukasikia mtu ananitetea kwamba sikuona. Nililitazama lile eneo jeupe, na Alhamisi iliyotangulia tu nilikuwa nimekunywa tena chai ya Mama Zaina palepale. Nikasema moyoni, ni karatasi ya kuonyesha wageni tu, Jumatatu nitairekebisha. Nikachapa.

Direkta alipenda mistari iliyonyooka. Kwenye plani ya kweli barabara ilikuwa ikizunguka zile nyumba. Alipoona peupe, alichukua rula akauliza kwa nini barabara inajikunja mahali pasipo na kitu, akainyoosha kwa wino mwekundu. Kesho yake tukacheza, tukaimba, mkubwa akatia sahihi juu ya wino ule, watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, nikiwa na kitenge chenye uso wa mkubwa wa nchi mgongoni.

Jumatatu nilifika mlangoni kwa direkta. Nilikuwa nimelipanga neno langu. Alikuwa amefurahi, anaisifu biro, ananiambia kazi nzuri, situayenne. Nikarudi mezani kwangu. Nakwambia hivi kwa sababu utafikiri mtu anakuwa muongo kwa kusema kitu. Mimi nilianza kwa kugeuka tu mlangoni.

Trakta ilikuja wakati wa mvua. Wenye nyumba walitoka na karatasi zao, wengine na watoto mgongoni. Wale wafanyakazi walionyesha plani: hapa hapana nyumba, basi nyinyi mmejenga bila haki, hata fidia hamna. Nyumba ambayo haimo kwenye karatasi ya mkubwa haipo, hata kama mvuke wa wali unatoka mlangoni! Mama Zaina alikaa juu ya kiti chake cha kusomeshea mpaka ukuta wa nyuma ulipoanguka, ndipo majirani wakambeba na kiti chake. Zilikuwa nyumba kumi na moja. Zilizobaki zimesimama ni mbili, za mwishoni kule.

Sudi alikimbia mpaka biro, tope hadi magotini. Alifungua Marie, akaonyesha: nyumba hizi hapa, nimezipima. Direkta akafunga mlango. Tukawa watu wanne: yeye, yule mtu wa chama, Sudi, na mimi nimesimama karibu na dirisha.

"Plani imekwisha sainiwa," direkta akasema. "Kama kuna nyumba pale, basi ile nyumba njo ina makosa. Na weye, Sudi, hizi nyumba umeziingiza lini? Wamekupa nini, ili uzitie?"

"Nilizipima na Mama Asha! Muulize! Daftari iko, sahihi yake iko!" Akanigeukia. "Mama Asha, sema."

Yule wa chama akaniuliza, taratibu, kwa heshima kabisa: "Situayenne, weye njo ulichapa. Ulitumia ramani gani?"

Nikajibu: "Ile iliyokuwepo."

Basi. Maneno mawili. Ukiyapima kwa mizani ya mahakama si uongo, kweli ilikuwepo. Nimeyarudia maneno hayo mwaka mzima nikitafuta mahali pa kujifichia ndani yake, nisipate. Sudi alinitazama kupitia miwani yake ya uzi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alichukua rula yake ya mti, ile aliyonunua mwenyewe, akatoka. Nje askari walikuwa wakimngoja, akalala siku tatu mahabusu, na alipotoka hakuwa na kazi wala jina. Akaenda Kibombo kwa mjomba wake, analima mpunga.

Direkta aliniamuru lile daftari nilichome. Nilichoma daftari jingine, la vipimo vya mifereji, jalada lake pia la bluu. La Sudi, pamoja na disketi yake ya kabatini, nililitia ndani ya mto wangu. Ninalilalia. Unajua mara ngapi umenikemea kwamba mto wangu mgumu?

Na sasa linalokuhusu. Juma lililofuata direkta aliniita. Alisema amesikia nina binti mwenye akili ya hesabu, na kule Lubumbashi kuna nafasi, na yeye anajuana na watu. Barua ya kukusifu ilikuwa tayari imepigwa taipu. Sikuiomba. Lakini niliipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, mzee. Ulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nilikutazama unavyoruka, nikajiambia kwamba Sudi ni mwanaume, atapata kazi nyingine. Huo ndio moyo wa mama yako, mwanangu, siku ile.

Kisha nikamleta Mama Zaina kukaa na sisi chumba cha nyuma. Wewe ulinikumbatia ukasema, "Mama, una roho nzuri." Mtaa mzima ulisema. Imamu alinitaja msikitini kwa wanaume! Kila mtu aliyenisifu alinitia moto, na mimi nikawa natabasamu. Mwaka mzima yule mama anaokota mawe katika mchele wangu, anafunga mkeka wake kabla sijaamka asinisumbue, ananiita mfadhili wake.

Leo mchana, wewe ukiwa sokoni, nilikaa naye chini uani nikamwambia yote, kuanzia nakala mpaka neno langu la dirishani. Nilifikiri atalia, au atanitemea mate. Aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukaisha, akaumimina mchele kwenye sufuria, ndipo akasema:

"Nilikuwa nakuombea kila alfajiri. Nikuombee nini sasa?"

Akaniuliza tena: "Asha anajua?"

"Hajui."

"Ajue mbele ya kupanda treni. Mimi nimemusomesha yule mutoto. Siyo aende kula mukate ya Sudi bila kujua."

Ndiyo maana unaisoma barua hii usiku huu, wala si baada ya mimi kufa, kama nilivyokuwa nimepanga. Nilipanga hivyo kweli, astaghfirullah. Nilitaka niwe mkweli wakati hakuna wa kuniuliza.

Kwa hiyo saa tisa nilivaa, nikaenda biro. Nimeandika karatasi mbili sawasawa, jina langu lote juu, sahihi chini: ramani gani nilitumia, niliitoa wapi, niliona nini. Moja nimeiweka mezani kwa direkta mwenyewe akiwepo. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama nimesahau binti yangu anasafiri na barua ya nani. Nikamwambia sijasahau. Akasema barua inaweza kuandikiwa nyingine, ya kufuata nyuma. Nikamwambia aandike.

Basi ujue hivyo: unaweza kufika Lubumbashi ukakuta mlango umefungwa. Sikufichi. Watu wale watakupima kwa hesabu zako, au watakutupa kwa sababu ya mama yako, na mimi sina mkono wa kufika kule. Ukifukuzwa rudi, tutauza vitumbua. Na ukiona leo kwamba ni mimi niliyeiharibu safari yako, basi kumbuka niliiharibu siku ile ya dirishani, leo nimekuambia tu.

Ukipata hiyo kazi, mashine zitakuwa za aina nyingi kunishinda mimi, na zitakudai majina kila moja kwa tabia yake. Utajifunza. Wenye akili ni wengi. Lakini mashine ikikwambia haikupata kitu, usiitafutie kitu cha kufanana nacho ili inyamaze. Nenda ukamwite mwenye kujua, hata kama yuko porini na panga. Na mkubwa akikuuliza umetumia nini, jibu mpaka mwisho wa sentensi, usikate pale panapokuokoa.

Sasa kazi ninayokutuma. Ndani ya kanga zako, katikati, siyo kwenye unga kama anavyotaka shangazi yako, kuna daftari la bluu, disketi ya Ijumaa ya mwisho ya Sudi yenye nyumba zote kumi na moja, na ile karatasi yangu ya pili. Treni inasimama Kibombo, na jinsi treni yetu ilivyo, itasimama vya kutosha. Nimempelekea Sudi habari kwa dereva wa lori la mpunga kwamba binti yangu anapita. Sikusema anabeba nini. Sijui kama atakuja. Kama hakuja, shuka, uliza nyumba ya mjomba wake, treni ikuache ikitaka kukuacha. Hilo daftari lisifike Lubumbashi.

Usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Msamaha nitakwenda kuuomba mwenyewe, kwa miguu yangu, akitaka kuniona. Wewe mpe vitu vyake kwa mikono miwili, umsalimie kama baba, umwambie kwamba ukurasa wa nyumba ya Mama Zaina una sahihi zote mbili, wala haujafutika.

Namjua Sudi. Hatauliza habari ya direkta, wala ya kazi. Atairekebisha miwani yake, atakuuliza lile swali nililoulizwa mimi: mama yako alitumia ramani gani?

Usimpe maneno yangu ya dirishani. Mwambie: ile ya zamani, baba. Na alijua.

Mama yako